Kifaa cha Kubebeka cha Mrija wa Kifua: Dalili za Hitilafu, Visababishi Vyake na Hatua za Kuchukua

Siku hizi mgonjwa aliyewekewa mrija wa kifua halazimiki kushinda kitandani kando ya chupa kubwa iliyowekwa sakafuni. Awe amevunjika mbavu katika ajali ya bodaboda, awe ametobokewa na pafu kwa sababu ya kifua kikuu, au awe na usaha uliojikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, anaweza kuunganishiwa kifaa kidogo cha kubebeka, akatembea wodini, na wakati mwingine akaruhusiwa kurudi nyumbani Majengo, Sanawari au Usa River huku mrija ukiendelea na kazi yake. Uhuru huo huja na wajibu, kwa kuwa uangalizi uliokuwa wa muuguzi huhamia kwa mgonjwa mwenyewe na ndugu anayemuuguza. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili yao, na pia kwa wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya Arusha na Moshi ambao humpokea mgonjwa wa aina hii kwa nadra.

Kazi ya kifaa ni kuruhusu hewa na majimaji yatoke kifuani bila kuruhusu hewa ya nje iingie. Mtu anapovuta pumzi, mgandamizo katika nafasi inayozunguka pafu hushuka chini ya ule wa hewa ya nje, na ndiyo maana tundu lolote lililo wazi kifuani huvuta hewa ndani na kulifanya pafu lisinyae. Njia ya kale ya kulizuia hilo, iliyoenezwa na daktari wa Kijerumani Gotthard Bülau katika karne ya 19, ni kuzamisha ncha ya mrija kiasi cha sentimita 2 ndani ya maji, ili hewa iweze kutoka kwa mapovu lakini isiweze kurudi. Katika miaka ya 1960 daktari wa Marekani, Henry Heimlich, alileta vali ya mpira laini iliyofungiwa ndani ya kichupa cha plastiki, na vali hiyo hufanya kazi ileile bila maji, hata mgonjwa akiwa amesimama, amelala au anatembea. Baadaye vikaja vikasha vikavu vya kuning'iniza kiunoni, na mashine ndogo za betri zinazonyonya na kupima zenyewe.

Kabla ya kugusa kifaa chochote kati ya hivyo, mtazame mgonjwa kwanza. Nasisitiza utaratibu huo kwa sababu dalili ileile ya kifaa huweza kuwa habari njema au habari mbaya, na kinachozitenganisha ni namna mgonjwa anavyopumua. Akiwa anahema haraka, anatokwa na jasho jembamba, hatulii, midomo inabadilika kuwa ya bluu au mishipa ya shingo imevimba, hilo si tatizo la kutafutiwa ufumbuzi nyumbani. Safari ya hospitali ianze mara moja, na ukaguzi wa mrija ufanyike mkiwa njiani. Akiwa anapumua vizuri na anaongea sentensi nzima bila kukatika, mnao muda wa kukagua kwa utulivu, kuanzia kwenye ngozi, mkifuata mrija wote, hadi kwenye kifaa.

Kifaa kimenyamaza

Katika chupa yenye maji, maji yaliyo ndani ya mrija hupanda mgonjwa anapovuta pumzi na hushuka anapoitoa. Mwendo huo ndio ushahidi kwamba njia iko wazi kutoka kifuani hadi kwenye chupa. Katika vali ya mpira, ushahidi ni midomo ya vali inayofunguka na kufumba, hasa mgonjwa akikohoa. Mwendo huo ukikoma, huenda pafu limefunguka kabisa na kuijaza nafasi iliyokuwa na hewa, na hapo mrija unakaribia kumaliza kazi. Huenda pia mrija umeziba, na hewa au majimaji yanaendelea kujikusanya ndani bila mtu kujua.

Namna ukimya ulivyoanza husaidia sana kubainisha. Pafu linalopona hunyamazisha kifaa taratibu: mapovu hupungua siku hadi siku, majimaji hupungua, mwendo wa maji huwa mfupi zaidi, na mgonjwa husema anajisikia nafuu. Mrija ulioziba aghalabu hunyamaza ghafla, mara nyingi baada ya usingizi, safari au kubadilisha nguo. Hata hivyo, nafuu ya mgonjwa si uthibitisho kamili, na hakuna anayepaswa kutangaza kupona kwa kutazama chupa pekee. Picha ya eksirei ya kifua ndiyo inayoamua.

Mkaguzi aanze pale mrija unapotoka kwenye ngozi, ambapo mara nyingi hukunjika chini ya plasta. Kisha atazame nguo. Kwa wanawake, fundo la kanga iliyofungwa kifuani hukaa juu ya mrija kabisa, na mgonjwa hawezi kuliona kwa kuwa liko ubavuni chini ya mkono. Kwa wanaume ni mkanda wa suruali. Mgonjwa anayelala kwa ubavu wenye mrija hujikuta ameulalia, na katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapolazimisha sweta, koti na blanketi juu yake, mkunjo unaweza kukaa usiku kucha bila kuonekana. Kwa sababu hiyo napendekeza mrija upitishwe nje ya nguo ya kwanza, na ubandikwe ubavuni kwa plasta ya pili iliyo chini kidogo ya jeraha, ili kuvutwa kokote kuishie kwenye plasta hiyo na si kwenye mshono.

Kisababishi kinachopuuzwa zaidi ni kitanzi. Mrija ukiwa mrefu na ukaachwa uning'inie chini ya kiwango cha kifaa kabla ya kupanda tena kukifikia, majimaji hutuama kwenye sehemu ya chini ya kitanzi hicho, na hewa inayotoka kifuani hulazimika kuyasukuma ili ipite. Mrija haujakunjwa wala haujaziba kwa damu, lakini haufanyi kazi ipasavyo. Tiba yake haihitaji chombo chochote: inua sehemu iliyotuama kidogo kidogo, ukianzia upande wa mgonjwa kuelekea kwenye kifaa, hadi majimaji yamwagikie ndani, kisha panga mrija uteremke moja kwa moja bila kupinda juu tena. Baada ya hapo mwambie mgonjwa akohoe mara moja na utazame kama mwendo umerudi.

Ikiwa hakuna mkunjo wala kitanzi na bado hakuna mwendo hata kwa kikohozi, yawezekana kuna bonge la damu au utando wa usaha ndani ya mrija. Hapo nyumbani pasifanyike zaidi. Mrija usikamuliwe kwa nguvu kwa vidole kuanzia juu hadi chini, kwa kuwa ukamuaji huo huleta mvuto mkali unaoweza kuumiza pafu, na usisukumiwe maji kwa bomba la sindano. Kusafisha mrija kwa maji ya chumvi yasiyo na vijidudu ni kazi ya hospitali, kwa maagizo ya daktari.

Mapovu hayakomi

Mapovu yanayotokea mgonjwa anapokohoa au anapotoa pumzi, katika siku za mwanzo, ni ya kawaida kwa mtu aliyetobokewa na pafu. Yanayohitaji uchunguzi ni yale yanayoendelea bila kukoma, au yanayoanza upya baada ya kuwa yamekwisha. Chanzo chake ama ni pafu lenyewe ambalo bado linavuja, ama ni hewa ya nje inayoingia kupitia kiungio kilicholegea, ufa kwenye mrija, au tundu la pembeni la mrija ambalo limeteleza na kutoka nje ya ngozi. Hili la mwisho hutokea pale mrija unapovutwa bila kuchomoka, na njia rahisi ya kuligundua ni kuweka alama ya kalamu kwenye mrija usawa wa ngozi siku mgonjwa anapotoka hospitali. Alama ikionekana imesogea mbali na ngozi, mgonjwa arudi hospitali, na mtu yeyote asijaribu kuurudisha mrija ndani kwa kuusukuma, kwa sababu sehemu iliyokuwa nje tayari ina vijidudu.

Viungio vikazwe kwa mkono na vifungwe kwa plasta kwa urefu, bila kufunika sehemu yote, ili mtu aweze kuona kama vimeachana. Muuguzi mwenye ujuzi anaweza kuubana mrija karibu na kifua kwa sekunde chache tu: mapovu yakikoma, hewa inatoka upande wa mgonjwa, yakiendelea, uvujaji uko kati ya kibano na kifaa. Kipimo hiki kisifanyike nyumbani. Mrija unaotoa mapovu ukibanwa na kusahauliwa, hewa hujilundika kifuani bila pa kutokea, hulisukuma pafu na hata moyo upande wa pili, na mgonjwa anaweza kufa ndani ya dakika chache. Nimeona ndugu wenye nia njema wakifunga mrija kwa kamba wakati wa kumwogesha mgonjwa ili usimwage, na sina namna ya upole ya kusema jambo hili: mrija wa kifua haufungwi.

Vali ya mpira na mfuko wake

Vali ina upande wa kifua na upande wa kutokea. Kwa kawaida mtengenezaji huweka mshale au rangi, na mshale huelekea mbali na kifua. Ikigeuzwa, huruhusu hewa kuingia na kuizuia kutoka, yaani kinyume kabisa cha kusudi lake. Kila inapobadilishwa, watu wawili waitazame kabla mgonjwa hajaondoka. Vali inayofanya kazi huweza kusikika mgonjwa anapokohoa, kwa mlio mdogo kama wa mtoto mchanga anayepuliza mate, na ukungu mwembamba ndani ya plastiki yake ni mvuke wa pumzi tu, hauna ubaya. Midomo ya mpira ikigandamana kwa damu iliyokauka au usaha, vali ibadilishwe. Haioshwi ikarudishwa.

Hatari kubwa zaidi naiona kwenye mfuko unaoning'inizwa chini ya vali ili kupokea majimaji. Mara nyingi hutumika mfuko wa mkojo, kwa kuwa unapatikana katika kila duka la dawa. Mifuko mingi ya mkojo haina tundu la kutolea hewa, na jambo hilo halina madhara kwa mkojo. Kwa mgonjwa ambaye pafu lake bado linavuja hewa, mfuko huo hujaa kidogo kidogo na kuvimba hadi ukawa mgumu, kisha mgandamizo uliomo hurudi kwenye vali. Hewa ya kifuani hukosa pa kwenda ijapokuwa vali ni nzima, mrija uko wazi na mfuko hauna majimaji mengi. Mtu anayekagua anaweza kuona kila kitu kiko sawa, na bado mgonjwa anazidi kubanwa na pumzi. Vivyo hivyo kwa glavu au mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kubana kwenye mdomo wa vali ili nguo zisichafuke.

Kwa hiyo, mfuko ukionekana umetuna kwa hewa, fungua bomba lake la chini mara moja, au ukate kona yake ya juu, na utazame hali ya mgonjwa ikibadilika. Kisha utafutwe mfuko wenye tundu la kupumulia, au uliokatwa kona ya juu kwa makusudi na kuvalishwa gozi. Mfuko unaotoa hewa huweza kudondosha matone, nami naona nguo iliyochafuka ni gharama ndogo sana.

Majimaji yamezidi, yamepungua au yamebadilika

Kila siku, saa ileile, kiwango kiandikwe kwenye daftari pamoja na rangi. Damu iliyopauka na kuwa ya waridi, kisha ya manjano, ni mwelekeo mzuri. Damu nyekundu mpya inayotoka kwa wingi baada ya siku za utulivu si ya kusubiri asubuhi. Wodini, mililita 200 kwa saa kwa saa 2 hadi 4 mfululizo huwafanya madaktari wa upasuaji wafikirie kufungua kifua. Majimaji meupe kama ya maziwa baada ya mlo wenye mafuta, au yenye chembe za chakula, yanaashiria jeraha la aina nyingine na yaripotiwe siku hiyohiyo.

Mgonjwa aliyekuwa na majimaji mengi kwa muda mrefu asitolewe yote kwa pamoja. Miongozo mingi huweka kikomo cha takriban lita 1.5 kwa mara moja, kwa sababu pafu lililosinyaa likifunguka kwa kasi huweza kujaa maji ndani yake lenyewe. Kikohozi kikali na kubanwa kifua mara baada ya kutolewa majimaji mengi ndiyo dalili ya hilo.

Wanaotumia chupa moja yenye maji wafahamu pia kwamba majimaji yanayoingia huongeza kina. Ncha iliyokuwa sentimita 2 chini ya maji huzama sentimita 10 chupa ikishapokea kimo cha sentimita 8, na sasa hewa inahitaji msukumo mkubwa zaidi ili itoke. Mgonjwa huchoka kupumua na mapovu hupungua, na watu hufikiri amepona. Chupa ibadilishwe mapema, au iongezwe ya pili ya kupokelea majimaji. Vikasha vikavu havina tatizo hili, ila vinajaa: vingi hubeba mililita 500 tu, na vile vidogo zaidi vya kifuani hubeba mililita 30 na hutolewa kwa bomba la sindano.

Wakati wa kumwaga, vaa glavu. Majimaji ya mgonjwa wa kifua kikuu yachukuliwe kuwa na uambukizo. Tengeneza dawa ya klorini ya asilimia 0.5: kama chupa ya JIK imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha JIK na vipimo 6 vya maji, majimaji yamwagwe chooni taratibu bila kurusha matone, kisha safishia chombo na madoa kwa dakika 10.

Mrija umeachana na kifaa, au umechomoka

Haya ni mambo mawili tofauti, na hatua zake ni tofauti. Mrija ukiachana na kifaa lakini bado uko kifuani, usiuzibe. Tumbukiza ncha yake sentimita 2 ndani ya chupa ya maji safi ya kunywa iliyofunguliwa sasa hivi, chupa ikiwa chini ya kiwango cha kifua, mwambie mgonjwa akohoe, kisha nendeni hospitali mkaunganishiwe kifaa kipya. Ikikosekana chupa, ni salama zaidi kwa mgonjwa anayevuja hewa kuachiwa mrija wazi kwa muda mfupi kuliko kufungiwa. Kila familia inayomuuguza mgonjwa wa aina hii iwe na chupa moja ya maji ambayo haijafunguliwa, gozi na plasta ndani ya mkoba mmoja unaojulikana na wote.

Mrija ukichomoka kabisa kifuani, mwambie mgonjwa atoe pumzi, funika tundu kwa gozi safi, na ubandike plasta pande 3, upande wa 4 ukiachwa wazi ili hewa iweze kutoka. Akizidi kubanwa na pumzi, inua gozi kidogo. Mrija uliotoka usirudishwe.

Ngozi imevimba, au jeraha linatoa harufu

Uvimbe wa ngozi kuzunguka mrija, unaotoa mchakacho chini ya vidole ukibonyezwa, ni hewa iliyoingia chini ya ngozi. Ukiwa mdogo na hauongezeki, ujulishe hospitali. Ukipanda shingoni, usoni au sauti ikibadilika, mrija hautoi hewa ya kutosha, na ni dharura. Wekundu, joto, usaha pembeni mwa mshono na homa ni dalili za uambukizo. Bendeji libadilishwe na muuguzi, jeraha lisizamishwe kwenye maji, wala lisipakwe majani, asali au poda.

Maumivu yanayomzuia mgonjwa kuvuta pumzi yatibiwe kwa dawa alizoandikiwa. Anayejikaza na kupumua juu juu hulichelewesha pafu kufunguka.

Mashine ya betri inalia

Mara nyingi kisababishi ni betri kuisha, chombo kujaa, mrija kukunjika au kiungio kulegea. Ichajiwe kila umeme unapokuwepo, pasisubiriwe mpaka iombe, kwa kuwa umeme unaweza kukatika usiku kucha. Ulizeni mapema hospitalini ni kifaa kipi cha kubadilisha mtakachotumia endapo itazimika na haina akiba. Namba ya mililita kwa dakika inayoonyeshwa ni kiwango cha hewa inayovuja. Madaktari wengi hutazama ishuke chini ya 20 na kubaki hapo kwa saa kadhaa kabla ya kufikiria kuutoa mrija.

Safarini

Ndani ya Noah au Coaster, kifaa kikae chini ya usawa wa kifua, mapajani au kati ya miguu, kamwe kisiwekwe juu pamoja na mizigo, kwa kuwa majimaji ya chupa yatarudi kifuani. Mkanda wa usalama upite bila kuukandamiza mrija. Bodaboda haifai hata kwa mwendo mfupi. Anayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Marangu au Machame huenda mahali penye mgandamizo mdogo wa hewa, na hewa iliyonaswa kifuani hutanuka. Mrija ulio wazi hulimudu hilo, ulioziba haulimudu. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike kabla ya kuondoka na ufanyike tena mkifika. Kuhusu ndege kutoka KIA, ushauri unaofuatwa sana ni kusubiri angalau siku 7 baada ya eksirei kuonyesha kwamba pafu limefunguka kabisa, na zaidi ya hapo kwa aliyeumia au kupasuliwa kifua.

Siku ya kurudi kliniki, njooni na daftari la vipimo, kifaa kikiwa hakijamwagwa tangu asubuhi, na mgonjwa awe amevaa shati au blauzi inayofunguka mbele.